SOMO: SANAMU ZA WANYAMA, ZA BABU ZETU NA ZA MISRI

Masomo ya kusoma pamoja: Kutoka 32:1-8, Hesabu 21:4-9, 2 Wafalme 18:1-6, Matendo ya Mitume 19:18-27.



Katika vikundi vya sala hapa Kalundu kuna swali linalorudi mara nyingi. Mzee anafariki. Baada ya matanga watoto wanafungua kasha lake, na chini ya nguo wanakuta kanyama kadogo ka mti au ka pembe ya tembo, kamelainika kwa kushikwa miaka mingi. Mmoja anasema: tukachome leo leo, ni shetani. Wa pili anasema: tukafiche, ni nguvu ya ukoo wetu. Wa tatu anasema: kuna mtu bandarini ananunua vitu hivi kwa dola. Wote watatu ni wa nyumba moja, na wote watatu wanasali. Je, tumsikilize nani?

Tusijibu kwa haraka. Kwanza tujue vitu hivi ni nini, kisha tuangalie Misri ya kale, maana huko sanamu za wanyama zilikuwa nyingi kupita hesabu, kisha tusikie Maandiko.

1. WANYAMA WA BWAMI

Ng'ambo ya milima ya Itombwe, katika teritori za Mwenga na Shabunda, na Pangi upande wa Maniema, Warega wana chama kinachoitwa Bwami. Wabembe wa Fizi nao wana Bwami yao. Tusichanganye neno hili na mwami, mtawala wa Wavira au wa Wafuliiru. Kwa Warega, Bwami si kiti cha mtu mmoja. Ilikuwa kama shule ya maisha yote. Wanaume walikuwa na madaraja matano, na la juu kabisa liliitwa kindi. Wanawake walikuwa na madaraja matatu. Mwanamume hakuweza kufika juu peke yake: ilibidi mke wake naye apandishwe.

Kupanda daraja kulidai mali nyingi, na ukoo mzima ulisaidia kuikusanya. Lakini mali haikutosha. Wakubwa walimwangalia mtu tabia yake. Je, ni mpole? Anasema kwa kipimo? Anapatana na ndugu zake? Mgomvi alikaa chini hata kama alikuwa tajiri.

Mafundisho hayo hayakuandikwa katika kitabu. Yaliwekwa katika vitu. Wakubwa walileta mdomo wa ndege, magamba ya kakakuona, gamba la kobe, na sanamu ndogo ambazo nyingi zinaenea kiganjani. Sanamu za pembe ya tembo zilikuwa hasa za watu wa kindi. Sanamu hizi huitwa iginga, na zikiwa nyingi ni maginga. Kuna za watu na kuna za wanyama: mamba, nyoka, chura, ndege. Yuko pia mnyama wa miguu minne anayeitwa mugugundu, ambaye mara nyingi huwezi kusema kama ni mbwa au ni nyama wa porini.

Wakubwa walicheza na kuimba, wakaonyesha kitu, na kila kitu kilikuwa na methali zake. Mwanafunzi alipaswa kutafuta maana yake kwa akili yake. Tutoe mfano. Iko sanamu inayoitwa Sakimatwematwe, maana yake mwenye vichwa vingi. Ina nyuso zinazotazama huku na huku. Hiyo ni alama ya mzee mwenye hekima, anayeangalia pande zote kabla ya kukata shauri. Ni nani kati yetu wazazi asiyehitaji fundisho hilo?

Tutoe na mfano wa mnyama mwenyewe. Kakakuona, ambaye Warega humwita ikaga, hakuwindwa makusudi. Akiuawa, nyama yake ilipelekwa kwa watu wa Bwami, ikagawanywa kwa utaratibu. Kwa nini? Warega husema kwamba ikaga ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba kwa majani, jani juu ya jani, kama magamba yake yanavyolala. Walimheshimu kama mtu anavyomheshimu mwalimu.

Mbelgiji mmoja, Daniel Biebuyck, alifanya uchunguzi kwa Warega kati ya mwaka 1952 na 1954, na mwaka 1973 alitoa kitabu kikubwa juu yao. Alionyesha kwamba kazi kubwa ya vitu hivi ilikuwa kufundisha tabia njema. Lakini aliandika pia jambo la pili: kwamba unga uliokwanguliwa kutoka sanamu za pembe ulichanganywa na maji na kunywewa kama dawa. Tushike mambo haya mawili yote, wapendwa. Kitu kile kile kilifundisha, na kitu kile kile kiliombwa uzima. Tutarudi hapo.

2. WANYAMA WA SHABA KULE MISRI

Sasa twende Misri. Wengi wetu tukisikia Misri tunafikiri juu ya Musa na Farao. Lakini wakati sanamu za wanyama zilipojaa zaidi ni baada ya Musa kwa miaka mamia: tangu karibu mwaka 664 K.K. na kuendelea, hata chini ya wafalme Wagiriki waliotawala Misri mpaka mwaka 30 K.K.

Sanamu hizo zilitengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na bati, na mara nyingi risasi kidogo. Sisi Wakongo tunavijua vitu hivyo. Shaba iko Katanga, na bati hutoka katika kasiterite inayochimbwa kule kule Shabunda na Pangi kwa Warega. Fundi wa Misri alifanya hivi: alitengeneza paka au ndege kwa nta ya nyuki, akaipaka udongo pande zote, akaacha tundu. Akauchoma udongo motoni, nta ikayeyuka na kutoka. Ndipo alipomimina madini ya moto mahali pa nta. Ilipopoa alivunja udongo, na paka wa shaba akatokea. Nta ilikuwa imekwisha, lakini sura yake ilibaki.

Kila mji ulikuwa na mnyama wake. Mji wa Bubastis ulikuwa na mungu mke Bastet, na mnyama wake alikuwa paka. Mungu Thoth, wa maandishi na hekima, alikuwa na ndege kwarara mwenye mdomo mrefu uliopinda. Mji wa Memphis ulikuwa na fahali aitwaye Apis, aliyechaguliwa kwa alama za ngozi yake. Alikuwa mmoja tu kwa wakati mmoja, na alipokufa alizikwa kama mfalme. Makaburi ya mafahali hao yalifunguliwa na Mfaransa Auguste Mariette mwaka 1851, mahali panapoitwa Saqqara. Wengi wamefikiri kwamba ndama ya Haruni ilitoka katika desturi hizo za ng'ombe wa Misri.

Hapa tunapaswa kusema kweli, maana mwalimu hapaswi kumsingizia hata mpagani. Sanamu nyingi ndogo za shaba hazikuwa miungu wenyewe. Zilikuwa sadaka. Mtu alikuja na shida yake, mgonjwa au mama aliyetafuta mtoto, akatoa sanamu ya paka, na nyingine ziliandikwa jina la aliyetoa, pamoja na ombi kwamba mungu ampe uzima. Sanamu ilibaki hekaluni ili kumkumbusha mungu. Hekalu lilipojaa, makuhani walizikusanya na kuzizika kwa mamia chini ya ardhi. Ndiyo maana hata leo zinachimbwa, na zimejaa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani.

Pamoja na shaba, watu walitoa pia wanyama wenyewe, waliouawa, wakakaushwa na kufungwa kwa vitambaa. Hapo ndipo biashara ilipoingia. Makwarara walifugwa kwa wingi mno, na huko Saqqara waliozikwa wanahesabiwa kwa mamilioni. Paka wengi walivunjwa shingo wakiwa bado wadogo, ili muumini apate kitu cha kutoa. Tazameni neno hili: mnyama aliyeitwa mtakatifu aliuawa ili utakatifu wake upate kuuzwa.

Tena kulikuwa na udanganyifu. Katika karne ya 2 K.K. alikuwako Saqqara mwandishi aitwaye Hor, aliyetumika katika hekalu la makwarara. Maandishi yake juu ya vigae yalipatikana katika miaka ya 1960. Hor alilalamika juu ya uovu katika kazi hiyo, na amri ikawekwa kwamba kila chombo cha udongo kiwe na ndege mmoja wa kweli. Amri kama hiyo haiwekwi pale ambapo hakuna anayedanganya. Nao wataalamu wa Manchester, Uingereza, walipiga picha za eksirei zaidi ya vifurushi 800 vya namna hiyo, na mwaka 2015 walitangaza kwamba karibu theluthi moja havikuwa na mnyama ndani. Vilikuwa vitambaa, udongo, vijiti na manyoya. Inawezekana wengine walikubali desturi hiyo. Lakini mjane aliyetoa fedha yake ya mwisho, je, alifungua kitambaa aone?

Na mwisho wa paka hao? Mwaka 1890 meli zilipeleka Liverpool, Uingereza, karibu tani 20 za paka waliokaushwa. Hawakupelekwa hekaluni. Walisagwa wakawa mbolea ya mashamba.

3. NYOKA WA SHABA

Sasa tufungue Hesabu sura ya 21. Watu wananung'unika jangwani, nyoka wanawauma, na Mungu mwenyewe anamwamuru Musa atengeneze nyoka wa shaba na kumweka juu ya mti. Aliyeumwa akimtazama, anapona. Basi hapa tuna sanamu ya mnyama, ya shaba, iliyofanywa kwa amri ya Mungu. Wale wanaosema kila sanamu ni shetani toka kiwandani, waisome sura hii polepole.

Halafu tufungue 2 Wafalme sura ya 18. Miaka mamia imepita. Nyoka yule angali yuko. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba waamuzi walimvunja, wala Samweli, wala Daudi, wala Sulemani. Lakini mfalme Hezekia anamvunja vipande. Kwa nini yeye? Andiko linatoa sababu: watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Shaba haikubadilika. Nyoka hakuongezewa hata jino moja. Kilichobadilika ni mioyo ya watu na kile walichokuja kumwomba. Alama ya wema wa Mungu ilikuwa imekalia kiti cha Mungu.

Huu ndio ufunguo wa somo letu. Usiulize kwanza kitu kimetengenezwa kwa nini. Uliza kinafanyiwa nini.

4. MKONO MMOJA ULITUFUNGA WOTE

Kuna jambo moja la historia ambalo vijana wetu hawalijui. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikataza Bwami. Ilisema ni chama cha hatari. Je, maneno hayo hatujayasikia mahali pengine? Ni serikali hiyo hiyo iliyomkamata nabii Simon Kimbangu mwezi wa tisa 1921, ikamhukumu kifo, kisha ikabadilisha hukumu na kumfunga Elisabethville mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake walihamishwa mbali na makwao, na kanisa lao lilitambuliwa tarehe 24 Desemba 1959 tu. Mkono uliofunga manabii wa Kongo ndio uliofunga wazee wa Bwami.

Hatusemi kwamba Bwami na sala ni kitu kimoja. La hasha. Kimbangu mwenyewe alifundisha watu kuacha masanamu ya uganga, nao waliyatupa kwa wingi. Tunasema hivi: mtu ambaye babu yake aliitwa mchawi kwa sababu alisali, asiwe mwepesi kumwita babu wa jirani mchawi kabla ya kuuliza.

Tena angalieni kilichofuata. Vitu vilivyokatazwa mikononi mwa Warega vilikwenda kupambwa kwa Wazungu. Leo maginga yako katika makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji, yako Marekani, na yanauzwa katika minada kwa maelfu mengi ya dola. Vilipokuwa na methali vilikuwa hatari. Vilipotolewa methali vikawa uzuri. Mwaka 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta Kinshasa barakoa moja ya Wasuku iitwayo Kakuungu, akaiacha katika makumbusho ya taifa kama mkopo usio na mwisho. Kitu kimerudi, nasi tunashukuru. Lakini wazee waliojua wimbo wa kila sanamu hawarudi na ndege.

5. BASI TUFANYE NINI?

Turudi kwa watoto watatu na kasha la baba yao. Kila mmoja tumjibu.

Kwa yule anayesema tukafiche, ni nguvu ya ukoo. Ndugu, hapo umekwisha kufukiza uvumba. Kama unakitegemea kitu hicho kikulinde, kama unakwangua unga wake kumnywesha mtoto mwenye homa badala ya kumpeleka kwenye kituo cha afya na kumwombea, nyoka wa shaba yuko nyumbani mwako. Vunja. Watu wa Efeso waliokuwa na vitabu vya uganga walivichoma mbele ya watu wote, na bei yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Hawakuviuza. Hawakusema tutoe sadaka kwa faida yake.

Kwa yule anayesema kuna mnunuzi bandarini. Ndugu, kama ni kibaya, kwa nini umuuzie mwenzako ubaya? Na kama ni chema, kwa nini uuze wema wa baba yako? Zaidi ya hayo, sheria iko. Tangu mwaka 1990 biashara ya pembe za tembo kati ya nchi na nchi imekatazwa na mapatano ya mataifa, na tangu 2017 kakakuona wa kila aina naye amewekwa chini ya ulinzi huo huo. Mashua za Kalundu zinakwenda Bujumbura, Kigoma na Kalemie. Asiwepo mkristo wa kanisa letu anayeficha pembe au magamba kati ya magunia. Demetrio wa Efeso alifanya ghasia kwa ajili ya miungu, lakini Andiko linafunua kwamba alilia mfuko wake.

Kwa yule anayesema tukachome leo leo. Ndugu, bidii yako ni njema, lakini subiri kwanza. Tafuta mzee aliyebaki katika ukoo, au mama mzee, maana wanawake nao walifundishwa. Muulize: kitu hiki kilikuwa kinasema nini? Kama kilikuwa cha kuombwa na kuogopwa, tutakuja pamoja nawe, tutasali, na kitaondoka. Kama kilikuwa cha kufundisha tu, chukua kalamu na daftari, andika methali zake zote kabla mzee hajalala usingizi wa mwisho. Fundisho likiwa limeandikwa, kitu chenyewe hakina tena la kututisha: familia na mchungaji wataamua kwa amani kikae wapi. Hasara kubwa si kuchoma pembe. Hasara ni kuchoma neno la upole na subira ambalo watoto wetu wanalihitaji, katika nchi hii iliyochoka na vita.

6. NENO KWA SISI WENYEWE

Hatutamaliza bila kusema hili, hata kama ni gumu. Hezekia hakuvunja sanamu ya Wafilisti. Alivunja kitu cha nyumbani mwake, kilichotoka mkononi mwa Musa.

Sisi kanisani hatuna paka wa shaba. Lakini tunayo maji ya sala. Tunayo mafuta, vitambaa, fimbo ya mchungaji, na picha ya nabii ukutani. Vitu hivi vilitolewa kwetu vitukumbushe, kama nyoka jangwani. Je, leo vinafanyiwa nini? Yuko mama anayeweka chupa ya maji ya sala chini ya mto na haombi tena, maana chupa inamwombea. Yuko mfanyabiashara anayefunga kitambaa kwenye mashua na kupakia mizigo kupita kipimo. Na akitokea mtu anayeuza maji hayo, hata kwa franka chache, ajue kwamba anatembea katika njia ya wale wa Saqqara, waliofunga vijiti katika kitambaa wakapokea fedha ya mjane.

Maji ni maji. Mungu ndiye anayeponya. Siku tutakapolisahau hilo, Hezekia atakuwa na kazi kwetu kabla hajaenda kwa Warega.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika ukoo wako, ni mnyama gani aliyeheshimiwa au asiyeliwa? Wazee walitoa sababu gani?
2. Kwa nini nyoka wa shaba aliachwa miaka mamia, kisha akavunjwa?
3. Tofauti ni nini kati ya kitu kinachofundisha na kitu kinachomfunga mtu?
4. Kuna kitu gani katika sala zetu ambacho tumeanza kukitegemea kuliko Mungu? Tukisemeje bila kugombana?

Kwa wiki inayokuja, kila kikundi kitafute mzee mmoja, kimtembelee, kisikilize na kuandika methali tatu pamoja na maana zake. Daftari ziletwe kwa mashemasi.

Bwana atupe macho ya kutambua, na mioyo isiyoinama mbele ya kitu chochote kilichofanywa kwa mikono. Amina.

Shemasi wenu, Kalundu.